Lavonne Aenda Bwenini

Lavonne Halvorsen alipokubaliwa kujiunga na Koleji ya Kittredge alikuwa na miaka arobaini na sita, na kaburi la mama yake lilikuwa halijaota nyasi vizuri.

Kittredge haikuwa chuo kinachojitegemea. Ilikuwa ndani ya chuo kikuu cha jimbo, huko Wisconsin, chuo chenye watu wengi kiasi kwamba mwanafunzi aliweza kumaliza miaka minne bila mwalimu hata mmoja kulijua jina lake. Katika umati huo Kittredge ilichukua wachache wenye alama za juu, ikawapa bweni lao, semina za watu kumi na wanne kuzunguka meza moja, mshauri wa masomo anayewatambua kwa sura, na nafasi ya kuchagua masomo kabla wenzao hawajafunguliwa mlango. Nayo ilikuwa na masharti yake. Wastani wa alama usishuke chini ya tatu na nusu kati ya nne, na mwishoni kila mmoja aandike tasnifu na kuitetea mbele ya walimu. Watu waliiita koleji ya heshima. Wanafunzi wengine wa chuo kikuu walikuwa na majina mengine ya kuiita.

Lavonne alifika huko kwa njia ndefu. Baba yake alipigwa na kiharusi, naye akarudi nyumbani kumsaidia mama. Baba alipofariki, mama akaanza kusahau, kwanza majina ya majirani, kisha njia ya kwenda bafuni. Katikati ya hayo mume wake, Dale, alihamia Arizona bila ugomvi mkubwa, na wanawe wawili wakakua na kwenda zao. Miaka kumi na moja ilipita hivyo. Asubuhi alifanya kazi katika ofisi ya kiwanda cha jibini. Jioni, miaka miwili ya mwisho, jirani alikaa na mama huku yeye akienda kusoma katika chuo kidogo cha wilaya. Alisoma kwa sababu zilikuwa saa pekee za siku ambazo hakuna mtu aliyemwita. Alama zake zilitoka nzuri mno, na mwalimu mmoja akamshauri aombe Kittredge.

Mshauri wa masomo wa Kittredge, mama mmoja mchangamfu aitwaye Gwen Straub, alimpigia simu mwezi wa Juni.

"Kuna sheria inasema kila mwanafunzi mpya akae bwenini mwaka wa kwanza," Gwen alisema. "Usiwe na wasiwasi. Watu wazima tunawaondolea. Nikuandikie ruhusa sasa hivi tumalize?"

"Na nikikataa?"

"Ukikataa nini?"

"Hiyo ruhusa."

"Hakuna aliyewahi kuikataa," alisema. "Lakini sidhani kama kuna kinachokuzuia."

Mwanawe mkubwa, Kurt, fundi wa kuchomelea vyuma kule Duluth, aliposikia habari hiyo alicheka hadi akakohoa. "Mama, si utapangiwa na mtoto? Je, akiwa mlevi?"

"Nilikulea wewe."

"Akiwa mchafu?"

"Nimeshakujibu," Lavonne alisema.

Sababu yenyewe hakumwambia mtu. Alitoka nyumba ya baba yake akaingia nyumba ya Dale, akatoka kwa Dale akarudi kwa baba yake. Hakuwahi kuamka mahali ambapo hakuna mtu anayemsubiri amlishe. Alitaka kuona hali hiyo ikoje.

Chumba chao kilikuwa ghorofa ya tatu, na dirisha lilitazama maegesho ya baiskeli. Alitangulia kufika, akachagua kitanda cha upande wa mlango, akapanga vitabu. Mchana mwenzake aliingia: msichana mfupi wa miaka kumi na minane, Mai See Vang, anayetaka kuwa mfamasia. Nyuma yake waliingia baba, mama, mjomba, na wadogo zake watatu, kila mmoja na mzigo. Walikuwa Wahmong, watu wenye asili ya milima ya Laos, na walitoka mji wa viwanda vya karatasi, mwendo wa saa moja kwa gari. Waliweka jiko la umeme la kupikia wali juu ya meza kabla ya kuweka kitu kingine chochote.

Mama yake Mai See, mwanamke wa rika la Lavonne, alimtazama kutoka kichwani hadi viatuni. Akasema maneno kwa Kihmong.

"Mama anauliza binti yako yuko wapi," Mai See alisema.

"Sina binti. Mwambie mimi ndiye ninayekaa hapa. Ni mwanafunzi."

Mai See aligeuka akazungumza, na akazungumza kwa muda mrefu kuliko maneno aliyopewa. Uso wa mama ukafunguka. Alimshika Lavonne mkono kwa mikono yake miwili, akautikisa, akatoka akiwa mtu mwingine kabisa.

Walipobaki wawili Lavonne aliuliza, "Umemwambia nini?"

"Kwamba wewe ni mwanafunzi."

"Na nini tena?"

Mai See alianza kutandika shuka. "Kwamba utaniangalia."

"Mimi sikusema hivyo."

"Najua. Lakini leo atalala usingizi."

Lavonne alitafakari kama akasirike. Akaona ni siku ya kwanza, akaacha.

Wiki za mwanzo zilikuwa kama alivyotaka. Alikula bwaloni chakula alichopikiwa na watu asiowajua, akaweka sahani kwenye mkanda unaotembea, ikaondoka. Alilala alasiri. Alisoma kitandani na viatu miguuni. Mai See alikuwa mpole na msafi. Alhamisi jioni alipanda basi kwenda kwao, Jumapili akarudi, na chumba kikawa cha Lavonne peke yake siku tatu nzima.

Lakini wale vijana wa ghorofa ya tatu walikuwa na macho. Mmoja alikuja na kifungo cha koti. Mwingine alikuja kuuliza kama koo lake limevimba, akafungua kinywa mlangoni kabla hajaambiwa aingie. Msichana wa chumba cha kona aliachwa na mpenzi wake, akaja kulia, akalia hadi akalala juu ya kitanda cha Mai See. Mwishoni mwa Septemba walikuwa wanamwita Mama Kittredge, kwanza kwa utani, kisha bila utani.

"Naitwa Lavonne," aliwaambia.

"Sawa, Mama," wakajibu.

Siku moja alishuka chumba cha kufulia akakuta mashine zote zimemaliza kufua na nguo za watu zimekaa ndani, zimejikunja, zimelowa. Akazitoa. Akazikausha. Akaanza kuzikunja, kwa sababu mikono yake ilizoea, na alikuwa ameshakunja fulana nyingi za wavulana asiowajua alipokumbuka kwamba kurasa zake za semina hajazigusa. Alisimama na fulana mkononi. Kisha akaiangusha kwenye rundo, akachukua nguo zake, akapanda juu.

Tangu siku hiyo alibadilika. Kifungo kilipokuja, alimpa mwenye koti sindano na uzi. "Shona."

"Sijui kushona."

"Una alama za juu kuliko jimbo zima. Utajua."

Waliokuja na homa aliwaambia zahanati iko wapi. Waliokuja kulia aliwasikiliza kidogo, kisha akasema ana kazi ya kusoma. Baadhi walinuna. Jina la Mama Kittredge lilififia, na kwa muda hakuna jina jingine lililochukua nafasi yake.

Kwenye semina mambo yalikuwa magumu kwa namna nyingine. Mwalimu wao, Dokta Pell, alikuwa mwanahistoria mwembamba anayekaa kimya akisubiri, na semina ilihusu uzee: jinsi watu wa nyakati mbalimbali walivyowaweka wazazi wao waliochoka. Lavonne aliichagua kwa kuamini kwamba hapo angalau hatakuwa nyuma. Wakasoma makala iliyodai kwamba katika mashamba ya Ulaya ya kaskazini, zamani, watoto hawakuwatunza wazazi kwa mapenzi bali kwa mkataba. Mzee alimwachia mwanawe shamba, na mwana akaandika kiasi cha maziwa, kuni na unga atakachompa mzee hadi afe.

"Huyu mwandishi hajawahi kumuuguza mtu," Lavonne alisema. "Mama yangu alikuwa hanijui, na bado alikuwa ananishika mkono wakati wa kula. Hakuna mkataba unaokufanya ukae hapo."

Meza ikanyamaza. Dokta Pell alisubiri, hakuna aliyesema, wakahamia ukurasa mwingine. Wiki iliyofuata ilikuwa hivyo hivyo, na iliyofuata. Alipoandika insha yake ya kwanza ilirudi na alama ya C, na chini yake Dokta Pell ameandika: *Haya ni maisha yako, na nimeyasoma kwa makini. Lakini sikuuliza hayo.*

Lavonne aliisoma akiwa amesimama kwenye korido. Alitoka nje kwa hasira, akamkuta Emmett Okray, kijana mrefu wa semina yao, akifungua kufuli la baiskeli.

"Nikuulize kitu," Lavonne alisema. "Nikiongea mle ndani, kwa nini mnanyamaza?"

Emmett alishughulika na kufuli muda mrefu kuliko kufuli lilivyohitaji. "Nikikwambia hutachukia?"

"Labda nitachukia. Sema."

"Ukishamtaja mama yako, tutasema nini? Mimi nilikuwa na hoja siku ile. Nilifikiri mwandishi yuko sahihi nusu. Sasa nimwambie mtu aliyefiwa kwamba kuna mwandishi yuko sahihi nusu?" Akainua mabega. "Mjadala unafia hapo. Kila wiki."

"Ungeniambia."

"Una umri wa mama yangu."

"Mama yako humbishii?"

"Kila siku," Emmett alisema, "lakini yeye tumezoeana."

Alichukia kweli. Siku mbili hakumsalimia. Siku ya tatu alikwenda maktaba akaomba tafsiri za ile mikataba yenyewe, akakaa nayo. Aliposoma mkataba wa mjane mmoja wa Norwe, ambako mababu zake walitoka, alikuta umeeleza mpaka kiti cha mjane kitakuwa upande gani wa jiko. Ulieleza pia mambo ambayo mkaza mwana hatalazimika kuyafanya. Hatalazimika kumfulia mama mkwe nguo za rangi. Hatalazimika kumsindikiza kanisani wakati wa theluji. Lavonne alirudia mistari hiyo mara kadhaa. Hakuwa amewahi kufikiri kwamba kazi ile inaweza kuwa na mpaka ulioandikwa.

Katikati ya Oktoba Gwen Straub alimwita ofisini. Lavonne alidhani ni kuhusu somo la takwimu, ambalo lilikuwa linamtafuna. Takwimu hakuisoma kwenye semina. Aliisoma kwenye ukumbi wa watu mia nne, mwalimu akiwa mdogo kule chini kama mwanasesere, na mitihani miwili ya kwanza aliifanya vibaya.

Gwen alifunga mlango. Akauliza habari za chumba. Akauliza habari za chakula.

"Mwenzako je?" akasema. "Mnaelewana?"

"Vizuri."

"Sheria hainiruhusu kukwambia lolote kuhusu mwanafunzi mwingine. Kwa hiyo sikwambii lolote." Gwen alipanga kalamu zake. "Nasema tu kwamba kama mtu hayupo darasani kila Ijumaa, na semina yake ni Ijumaa, mambo huwa yanaharibika haraka. Mimi nimemwita, haji. Nikafikiri labda wewe ungezungumza naye. Wewe ni mama."

Roho ya Lavonne ilichemka.

"Gwen," alisema, "ningekuwa na miaka kumi na minane ungeniita hapa?"

Gwen aliona haya, na ilionekana shingoni. "Hapana."

"Ungefanya nini?"

"Ningeendelea kumwandikia yeye mwenyewe. Ningekwenda kumgongea."

"Basi mgongee. Jumatatu yupo."

"Samahani," Gwen alisema. "Uko sahihi."

Lakini kuwa sahihi hakukumpa Lavonne usingizi. Alikuwa ameona, bila kutaka kuona. Alhamisi begi la Mai See lilikuwa na nguo chache na vitu vingine vingi: dawa, nepi za watu wazima, makaratasi ya hospitali. Simu yake iliita wakati wa chakula, naye akainuka na kuongea kwa Kihmong, kisha kwa Kiingereza cha taratibu na cha adabu kama karani, kisha kwa Kihmong tena. Lavonne aliijua sauti ile. Aliitumia yeye mwenyewe kwa wauguzi miaka kumi na moja.

Alhamisi moja basi lilighairiwa kwa sababu ya barafu ya mapema, na Mai See akabaki. Kesho yake walikwenda bwaloni pamoja, siku ya samaki wa kukaanga, wakakaa karibu na dirisha. Lavonne aliamua kwamba hatasema chochote. Badala yake alitoa karatasi ya mtihani wake wa takwimu akaiweka katikati ya sahani.

"Nifundishe," alisema. "Sielewi hata swali la kwanza."

Mai See alifuta vidole, akaitazama. "Hapa umegawanya kwa idadi yote. Toa moja kwanza."

"Kwa nini nitoe moja?"

"Kwa sababu wastani umeshautumia. Ukishaujua wastani, yule wa mwisho hana uhuru tena. Wengine wakishasema, yeye lazima awe alivyo."

"Maskini."

"Ndiyo hivyo," Mai See alisema, akaandika. Alikuwa mwalimu mzuri, asiye na haraka wala huruma. Walimaliza maswali mawili, na samaki wakapoa.

Kisha, bila kuulizwa, akasema, "Bibi yangu anaumwa figo. Anasafishwa damu mara kadhaa kwa wiki, na Ijumaa ni zamu yangu. Mama yuko kiwandani. Kiingereza cha baba si cha hospitali. Wadogo zangu hawajui maneno."

"Hospitali haina mkalimani?"

"Inaye mmoja kwenye simu. Bibi hamwamini mtu asiye na uso." Alikunja karatasi ya mtihani kisha akaikunjua. "Gwen alinigongea Jumatatu. Alisema naweza kuomba semina ya siku nyingine muhula ujao. Alikuwa mwema. Nilitaka akasirike."

Neno lilikuwa limemfika Lavonne mdomoni: usirudi. Waache watafute njia, watu wazima ni wengi kule, wewe kaa hapa usome. Alikuwa na kila sababu ya kulisema, na alijua pia kwamba kama angelisema, lingekuwa neno la mama yake Kurt, si la mwanafunzi mwenzake.

"Wewe ulimtunza mama yako," Mai See alisema. "Ulijuta?"

"Jumanne nilijuta. Jumatano nilikuwa sawa. Alhamisi nilitamani afe, na Ijumaa nilimkata kucha tukacheka."

"Hilo si jibu."

"Ndilo nililo nalo."

"Watu wote wananipa jibu. Mjomba ananipa jibu. Wewe miaka yote hiyo huna?"

"Sina," Lavonne alisema. "Ila nina dada, yuko mbali, Oregon. Sikuwahi kumwambia aje. Nilitaka aone mwenyewe kwamba anahitajika. Hakuona. Labda ningemwambia tu, kwa maneno, njoo wiki ya kwanza ya kila mwezi. Hilo nalijutia siku zote."

Mai See alimaliza wali wake. Walirudi kwa njia ya ziwani kwa sababu ile nyingine ilikuwa inateleza, na hawakulizungumza tena jambo hilo.

Mwanzoni mwa Desemba Lavonne aliwasilisha insha yake ya mwisho kwenye semina. Alisema kwamba mwandishi wa makala alikosea kuiona mikataba kama dalili ya kukosa mapenzi. Mikataba ilimlinda mzee asinyimwe, na ilimlinda pia mwanamke aliyemhudumia, kwa kuwa ilimwonyesha mahali kazi yake inapoishia. Alitaja kurasa. Alitaja mjane na kiti chake. Mama yake hakumtaja.

Alipomaliza, Emmett aliinua kalamu. "Sikubali."

"Endelea," Dokta Pell alisema.

"Mkataba unamlinda aliyeuandika. Mkaza mwana hakukaa mezani. Jina lake halimo. Unasoma mambo ambayo hatalazimika kufanya, lakini nani aliyafanya basi? Kuna mtumishi humo ndani hata hajaandikwa."

"Ukurasa wa tisa, ametajwa," Lavonne alisema.

"Ametajwa kama ndoo inavyotajwa."

Msichana mmoja akaingilia, akachukua upande wa Lavonne, kisha akauacha katikati ya sentensi yake mwenyewe. Mwingine akauliza nani aliyefua hizo nguo za rangi. Walibishana hadi wanafunzi wa darasa lililofuata wakawa wamesimama mlangoni na mabegi. Lavonne alikuwa ameshindwa, au karibu kushindwa, na uso wake ulikuwa unawaka. Hakukumbuka mara ya mwisho mtu kumpinga kwa bidii namna ile bila kutaka kitu kutoka kwake.

"Hoja yako ya mtumishi ni mbaya," alimwambia Emmett wakivaa makoti.

"Ni nzuri, ndiyo maana inakuuma."

"Nitaijibu kwenye tasnifu."

"Miaka miwili yote hiyo? Nitakuwa nimeshaisahau."

"Nitakukumbusha," Lavonne alisema.

Mai See aliondoka Kittredge kabla ya mitihani kuanza. Alimweleza Lavonne mwenyewe, ameketi juu ya kitanda na miguu imekunjwa. Hafukuzwi, anatoka mwenyewe. Ataendelea kuwa mwanafunzi wa chuo kikuu kama wale wengine maelfu, ataishi kwao, atakuja Jumanne na Jumatano tu. Gwen alimwita kwa mazungumzo ya kuaga, akamwambia kwamba hakuna doa lolote litakalobaki kwenye cheti, na kwamba akitaka kurudi mwaka wa tatu mlango upo.

"Na semina ya siku nyingine?" Lavonne aliuliza. "Walikupa?"

"Walinipa. Ni Alhamisi. Halafu nitakuwa nakosa Alhamisi." Mai See alisugua goti lake. "Sitaki kuwa mtu anayeombewa ruhusa kila wiki. Nikiwa chuoni nachelewa, nikiwa nyumbani nachelewa. Nimechoka kuchelewa."

"Umewaambia kwenu kwamba Jumanne na Jumatano haupo? Kwa maneno?"

"Nimewaambia. Mjomba ndiye atakayempeleka bibi siku hizo zikihitajika. Alinuna. Nikamwacha anune."

Lavonne alijikuta ana hasira. Miezi mitatu na nusu alikataa kumlea mtoto huyu, na kumbe kwa siri alikuwa amejiwekea hesabu kwamba atamwokoa. Hakuwa na haki ya hasira hiyo, kwa hiyo akainuka, akafungua kabati, akaanza kutoa masanduku.

"Unanifungia mizigo?" Mai See aliuliza.

"Hapana. Nakupa masanduku. Fungasha mwenyewe."

Mai See alicheka, mara ya kwanza siku hiyo. Baba na mjomba walikuja Jumamosi na gari. Lavonne alibeba boksi moja la vitabu hadi chini kwa sababu lilikuwa zito na lifti ilikuwa imeharibika, akapeana nao mikono, akarudi kusoma takwimu.

Alipata B hafifu. Pamoja na ile C ya kwanza ya semina, ambayo insha ya mwisho haikuweza kuifuta yote, wastani wake ulisimama chini kidogo ya mstari wa tatu na nusu. Januari aliketi tena mbele ya Gwen Straub, safari hii kwa ajili yake mwenyewe.

"Una muhula mmoja wa kupandisha," Gwen alisema. "Huondolewi chochote kwa sasa. Bweni, semina, kila kitu kipo. Ila lazima uje kuniona kila mwezi, na utafute msaada wa hesabu."

"Nilikuwa na msaada. Umehama."

"Tutakutafutia mwingine. Na muhula huu chukua masomo manne, si matano. Unajaribu kufidia miaka."

"Nani amekwambia?"

"Sijaambiwa. Umeandikisha matano," Gwen alisema, akageuza kioo cha kompyuta aone. Walilitoa somo moja pamoja. Lavonne alitaka kumkasirikia, akashindwa, kwa kuwa ndivyo hasa alivyotaka kutendewa.

Sehemu ya pili ya takwimu ilikuwa katika ukumbi uleule mkubwa, Jumanne asubuhi. Nje baridi ilikuwa ya kukatisha pumzi, na watu waliingia wakitoa moshi midomoni kama mabirika. Lavonne alipanda hadi safu za nyuma akamkuta Mai See amekaa pembeni, koti bado mwilini, anakula keki ya mahindi kutoka kwenye karatasi.

"Bibi?" Lavonne aliuliza, akikaa.

"Yupo. Amemfukuza muuguzi mmoja." Mai See alimsogezea kipande. "Wamekuletea mwenzako mpya?"

"Wiki iliyopita. Anatoka Milwaukee. Anakoroma."

"Umemwambia?"

"Bado. Nangoja atulie kidogo."

"Mwambie leo," Mai See alisema.

Kule chini mwalimu aliwasha kipaza sauti, akakipiga kidole mara mbili. Lavonne alifungua daftari kwenye ukurasa mpya na kuandika tarehe.